Lita Mbili Mlangoni

Brattlia, 4 Septemba 1994

Borghild mwenzangu,

Salamu za bondeni. Usishtuke kupata barua yangu kabla ya Krismasi, hakuna aliyekufa. Ningekupigia simu, lakini unanijua mimi na simu: ile ni ya habari za misiba. Isitoshe binti yako akipokea ananiuliza hali yangu mpaka nasahau nilichotaka.

Nina swali la kisheria. Wewe ulikaa miaka thelathini na moja ukimpigia chapa lensmann wetu, yule ofisa wa polisi na sheria wa hapa, na kila karatasi ya serikali ya bonde hili ilipita vidoleni mwako, kwa hiyo usijifanye hujui. Kuna lile neno refu, tvangsfullbyrdelse. Nililiona gazetini juzi nikakaa nalo siku nzima. Nataka kujua maana yake hasa, na mtu kama mimi analitumiaje.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu Torgeir alipofariki mwaka wa sabini na tisa nilimwachia mwanetu Halvard shamba, nikahamia nyumba ndogo ng'ambo ya ua, kama wazazi wote wa hapa wanavyofanya. Tukaandikiana mkataba wa kår, ule wa matunzo ya mzazi aliyekabidhi shamba, ukasajiliwa, na nakala ninayo kwenye droo pamoja na vyeti vya ubatizo. Imeandikwa kwamba hadi nitakapokufa nitapata nyumba, kuni zilizopasuliwa, magunia mawili ya viazi, nusu nguruwe wakati wa Krismasi, kupelekwa kanisani siku za sikukuu, na lita mbili za maziwa mabichi kila asubuhi, yaletwe mlangoni. Yaletwe mlangoni, Borghild. Imeandikwa.

Mwezi wa tano Halvard aliuza ng'ombe wote. Kumi na wanne, lori moja. Tangu siku hiyo maziwa yangu ni ya dukani, ya boksi la karatasi, na yanawekwa kwenye sanduku la barua kule barabarani. Mkataba umevunjwa. Nataka lensmann mpya aje amlazimishe.

Hili si jambo la mapenzi, ni la sheria. Nijibu upesi.

Gunnvor


Bergen, 11 Septemba 1994

Gunnvor we!

Umeanza lini kusoma kurasa za sheria? Zamani ulikuwa ukifungua gazeti unakwenda moja kwa moja kwenye matangazo ya vifo, unahesabu nani ametangulia. Nimecheka mpaka binti yangu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Hapa mvua inanyesha siku ya kumi na tisa mfululizo. Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama dirisha. Kwa hiyo barua yako imenifaa, nimeketi nayo kama mtu aliyepewa kazi.

Haya, neno lako. Tvang ni nguvu, ule ulazima usio na mjadala. Fullbyrdelse ni kulifikisha jambo mwisho wake. Yaani: umeambiwa ufanye, hukufanya, basi serikali inakuja kulimalizia kwa mkono wake. Lakini sikia vizuri, maana watu wengi walikuwa wanakosea hapa, wanakuja kaunta kwangu wamevimba mashavu. Neno hili haliulizi nani ana haki. Hilo limeshaulizwa kwingine na kujibiwa. Neno hili linakuja mwisho kabisa, na kazi yake ni kubeba tu. Ukishaliita, hakuna tena maelezo, hakuna samahani, hakuna "ngoja nikueleze". Mzee Rudi, bosi wangu, alikuwa akifika mlangoni kwa watu anavua kofia, anafuta viatu, analisoma hilo neno mara moja tu, kisha harudii tena. Akirudi ofisini alikuwa hali kitu mpaka jioni. Nilikuwa nikimwona anaweka mkate wake kwenye droo.

Na bondeni nani aliwahi kulitamka? Watu walisema tu, "Lensmann amepita kwa fulani." Ilitosha.

Sasa nijibu na mimi. Kwa nini Halvard aliuza ng'ombe? Na tangu wakati huo anasemaje? Kutoka mlango wake hadi wako ni hatua sitini, niliwahi kuzihesabu nikiwa nimebeba keki yako ya miaka sabini. Mtu anaishi hatua sitini halafu maziwa yanapitia sanduku la barua?

Wako, Borghild


Brattlia, 18 Septemba 1994

Borghild,

Nimekuuliza habari za sheria, unaniuliza habari za Halvard. Ndiyo maana Rudi alikuwa hali, alichoshwa na maswali yako.

Hasemi kitu. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na moja, hana mke, hana wa kugombana naye, na amenyamaza. Kuni analeta nikiwa sipo. Narudi kutoka dukani nazikuta zimepangwa ukutani, zimenyooka utadhani amepima kwa rula. Siku ya Pentekoste alinipeleka kanisani kama mkataba unavyosema. Alisimamisha gari getini, hakupanda ngazi kunichukua, na njia nzima tulisikiliza wipa. Mimi nami sikusema. Kwa nini niseme? Mimi ndiye niliyekosewa.

Aliuza kwa sababu alitaka kuuza. Siku hizi wanauza, wanapanda misonobari ya Krismasi, wanakaa.

Unakumbuka, Borghild, kiangazi kile cha thelathini na sita kule setra, kwenye malisho ya mlimani? Sisi wawili, ng'ombe ishirini na mbili na mbuzi wa watu. Tulikuwa na miaka kumi na minane, mikono ikivimba kwa kukamua hadi tunashindwa kufunga vifungo vya sketi, tunafungiana. Jioni unasimama juu ya jiwe unawaita kwa sauti ile ya juu, sauti inapanda hadi kwenye theluji ya mwaka jana, na wao wanashuka mmoja mmoja, Litagod mbele na kengele yake, Roslin nyuma anajivuta kwa makusudi. Ukisikia kengele, uchovu unaisha. Uji wa krimu chachu tuliokula siku za Jumapili sijawahi kuuonja tena, na nimeupika mara elfu.

Miaka kumi na mitano Halvard alipanda ngazi zangu saa moja kamili asubuhi na ndoo. Anaiweka mezani, anasema hali ya hewa, anakunywa kahawa kikombe kimoja na nusu, anataja ng'ombe gani amezaa, anaondoka. Ndiyo hayo tu. Hata si mazungumzo. Sasa asubuhi naamka saa kumi na moja na sijui niamkie nini.

Lakini tusitoke nje ya mada. Niambie karatasi gani nijaze.

Gunnvor


Bergen, 25 Septemba 1994

Gunnvor,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile sehemu ya kikombe kimoja na nusu mara tatu.

Nikwambie kitu ambacho sijakisema, ingawa ulikuwepo. Mwaka wa thelathini na mbili lensmann wa wakati ule, yule aliyemtangulia Rudi, alikuja nyumbani kwetu na lile neno lako, kwa ajili ya deni. Baba alikuwa amesimama uani amevaa suti ya kanisani, mimi nimeshika sketi ya mama nikiwa na miaka kumi na minne, mkubwa wa kuaibika. Walimtoa ng'ombe wetu Dagros bandani. Hakutaka kwenda. Yule mtu wa kumvuta alikuwa mjomba wa jirani yetu, na alikuwa akisema pole, pole, sikujua anamwambia ng'ombe au baba. Yote yalikuwa halali. Ndipo nilipolijua hilo neno, kabla sijaliona kwenye karatasi.

Na kesho yake asubuhi ukaja wewe. Kilomita mbili kwenye theluji, ndoo ndogo chini ya shali, na nusu umeshaimwaga njiani maana hukuwahi kujua kutembea taratibu. Ukaiweka mezani kwetu ukasema leo baridi. Ukafanya hivyo hadi majani yalipoota. Hakuna aliyekutuma. Nimeshawahi kukushukuru? Sidhani. Watu wa kwetu hatushukuru, tunarudisha ndoo ikiwa safi. Basi sasa nakushukuru. Ilikuwa faraja kubwa mno, na sijui kama baba angeamka kitandani majira yale bila hiyo.

Sasa sheria. Kwa sheria hii mpya iliyoanza mwaka jana, huwezi kumwita lensmann hivi hivi. Kwanza unamwandikia mhusika onyo kwa maandishi, unamwambia anachopaswa kutimiza, unampa wiki mbili kamili. Lazima uandike mwenyewe. Lazima ueleze kwa usahihi ni nini unachokidai, siyo zaidi, siyo pungufu, maana mwisho kinacholetwa ni kile tu ulichoandika. Kisha unalitia kwenye posta. Usilipeleke kwa mkono, na usilitupe chini ya mlango wake.

Andika kwa utulivu. Fikiri hasa unadai nini.

Borghild


Brattlia, 30 Septemba 1994

Kwa Halvard Brattlia
Brattlia, nyumba kubwa

ONYO

Kwa mujibu wa mkataba wa kår wa tarehe 2 Novemba 1979, mmiliki wa shamba anatakiwa kumpa mjane Gunnvor Brattlia lita mbili za maziwa mabichi kila siku, yaletwe mlangoni. Sharti hili halijatimizwa tangu mwezi wa tano.

Nadai kwamba maziwa yaletwe mlangoni saa moja asubuhi, kwa mkono.

Nadai kwamba anayeyaleta aingie ndani na kukaa kama ilivyokuwa desturi.

Usipotimiza katika wiki mbili, nitaomba tvangsfullbyrdelse kwa lensmann.

Gunnvor Brattlia
(mama yako)


Brattlia, 5 Oktoba 1994

Mpendwa Mama Borghild,

Samahani kwa kukusumbua. Mimi si mwandishi. Nimepata barua kutoka kwa mama. Imepitia posta ya mjini ikarudi hapa, siku tatu, nami kila siku namwona dirishani. Inasema nisipotimiza katika wiki mbili ataita lensmann. Wewe unajua mambo haya. Je, atakuja kweli? Nimeosha ngazi za nyumba kubwa ikiwa atakuja.

Sikatai mkataba. Lakini siwezi kuutimiza. Ng'ombe sina. Daktari aliniambia mwezi wa tatu kwamba vidole vyangu vimekufa ganzi, mikono yote miwili, kwa sababu ya msumeno wa mashine miaka yote ile msituni. Nilikuwa siwezi tena kuhisi kama mashine ya kukamulia imeshika au haikushika. Stjerna aliugua kiwele kwa sababu yangu. Ng'ombe wanataka mtu anayehisi. Ndiyo nikauza. Wamekwenda kwa mtu mzuri, nilikagua banda lake.

Mama hajui habari za vidole, naomba usimwambie. Baba alikamua mpaka wiki aliyokufa. Sikutaka alinganishe.

Siku ya lori mama alitoka akasimama kwenye ngazi zake. Dereva akiwepo, akaniambia: "Kama huna maziwa mkononi, usije ukapanda ngazi zangu." Sina maziwa, kwa hiyo sipandi. Nimeshika neno lake. Sasa ananiandikia niingie ndani nikae, na asiponiona ataniletea lensmann. Sielewi nifuate lipi.

Kitu kingine. Mwezi wa saba, jioni moja, alitoka uani akawaita ng'ombe. Ile sauti ya setra. Aliita mara moja tu, akasimama akasikiliza, akarudi ndani. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kutoka, lakini ningetoka nikasema nini?

Naomba unijibu kama lensmann atakuja asubuhi au mchana.

Kwa heshima,
Halvard


Bergen, 9 Oktoba 1994

Gunnvor,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Leo sikutanii.

Uliniandikia habari za mkataba, viazi na nguruwe. Habari za lori hukuniandikia. Mwanao aliniandikia. "Kama huna maziwa mkononi, usije ukapanda ngazi zangu." Ulisema au hukusema? Na ulimsema mbele ya dereva! Wewe uliyasema kwa sababu moyo ulikuwa unakuuma, halafu ukayasahau, au ulijitia kuyasahau. Yeye aliyachukua kama yalivyo, akayatii. Miezi mitano, Gunnvor. Amekutii miezi mitano, na wewe unataka kumletea serikali kwa kutotii.

Kuna jingine. Aliniomba nisikwambie. Nimetunza siri za bonde zima kwa miaka thelathini na moja, za wanaume waliolia kwenye kaunta yangu na wake zao hawajui hadi leo. Hii moja naivunja, na Mungu atanisamehe. Vidole vya Halvard vimekufa ganzi. Vyote kumi. Hakuuza kwa uvivu, wala hakuuza kwa ajili ya misonobari. Alikuwa anawaumiza ng'ombe bila kuhisi, na hilo hakuweza kulivumilia. Alikuficha kwa sababu ya Torgeir. Na alikusikia ulipowaita mwezi wa saba.

Na mimi nami nina langu la kukiri. Sikukwambia sheria yote. Mkataba wa kår peke yake hauwezi kumleta lensmann. Ungepaswa kwanza kwenda baraza la usuluhishi au mahakamani, wewe upande mmoja wa meza na mwanao upande wa pili, na majirani wakisikiliza. Hilo nililijua tangu barua yako ya kwanza. Lakini nilijua pia kwamba kumwendea kwa miguu hutakwenda, na kwa kalamu labda. Ndiyo maana nikakwambia uandike. Kwamba onyo lazima litangulie ni kweli tupu. Kwamba lingekufikisha kwa lensmann, hapana.

Na hata ungelipata hilo neno kwa mahakama, lingekuletea lita mbili na risiti. Nimelipiga chapa maelfu ya mara, kwa karatasi nne na kaboni tatu, na sijaona hata siku moja limemleta mtu kuketi kunywa kahawa.

Nikasirikie ukitaka. Lakini nikasirikie baadaye. Kwanza vuka ua.

Borghild


Brattlia, 16 Oktoba 1994

Borghild,

Nilikukasirikia Jumatano, barua ilipofika. Saa nzima. Nilikuita majina ambayo hata yale mabuzi ya setra hatukuwahi kuyaita. Kisha nikavaa viatu.

Nikavuka ua hadi kwenye pampu. Hatua thelathini, maana umenifanya nami nihesabu. Nikasimama pale nimeshika mpini wa pampu, taa ya jikoni kwake inawaka, namwona mgongo. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha mkono wa shati. Alijaribu, akaacha, akajaribu. Nilirudi nyumbani. Sikuweza, Borghild. Nisamehe. Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi.

Lakini wiki mbili zilikuwa zinaisha Ijumaa, na mwanangu hajawahi kuchelewa kwa jambo la maandishi. Alhamisi, saa moja kamili asubuhi, nikasikia miguu kwenye ngazi. Alisimama. Muda mrefu. Kisha akabisha hodi, yeye ambaye miaka kumi na mitano hakubisha.

Nikafungua. Amevaa koti la kanisani. Nywele amezilowesha maji. Akatoa lile onyo langu mfukoni, limekunjwa mara nne, akaliweka mezani akalinyoosha kwa upande wa kiganja, siyo kwa vidole, nikaona sasa kwamba ni kweli. Akasema:

"Mama, sina maziwa. Nimekuja kukiri. Natia sahihi wapi?"

Nikaitazama ile karatasi. Hakukuwa na mahali pa kutia sahihi. Nilikuwa nimeijaza yote kwa madai yangu hadi ukingoni.

Nikamwambia hakuna pa kutia sahihi, kaa. Akakaa. Nikasimama nyuma ya kiti, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza, nikamwambia: "Halvard, maneno ya siku ya lori niliyasema mimi, na yalikuwa maovu. Hukustahili. Nisamehe."

Nina miaka sabini na sita, na sikumbuki kama niliwahi kumwomba mtu yeyote msamaha kwa sauti. Torgeir alikufa bila kulisikia neno hilo, masikini.

Akainyoosha tena ile karatasi kwa kiganja. Unamjua. Kisha akasema, "Ndiyo, mama. Yalikuwa maovu."

Basi. Hakuniambia usijali. Sikumlaumu, nilitaka aseme ukweli. Nikakaa, nikamshika mikono juu ya meza. Baridi kama jiwe la mtoni. Nikamuuliza anahisi? Akasema hapana. Nikamuuliza, hata nikiminya hivi? Akasema, "Hapana, lakini naona." Nikalia, Borghild, mbele yake. Akanitazama kama mtu anayeona ngamia uani. Halafu akaanza kuniambia habari za Stjerna na yule mtu mzuri aliyemnunua, banda lina joto, kuna madirisha. Alikaa mpaka saa nne.

Alipoondoka hakusema kama atakuja kesho. Sikuuliza. Nisingethubutu kudai tena kitu katika maisha haya. Ile karatasi niliitia jikoni, ikawaka vizuri.

Ijumaa nilikuwa dirishani tangu saa kumi na mbili, nimechana nywele, kama msichana mjinga anayengoja kupelekwa dansi. Saa moja kasoro dakika mbili mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa.

Gunnvor